Maombi ya Kwenda Ziwani

Nakwa, Babati
18 Desemba 1983

Kwa binti yangu mpendwa Mektilda,

YAH: KUPOKELEWA KWA WATOTO WAWILI

Marahaba. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta wewe pamoja na mume wako, Baba Otilia, mkiwa katika afya njema huko Tanga. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mama yako analalamikia mgongo, na kuku wote wamekufa kwa kideri.

Napenda kukuarifu kwamba watoto walifika salama wiki iliyopita, wamechoka na wamejaa vumbi, lakini kamili. Basi lililala Makuyuni kwa kukosa dizeli. Otilia amerefuka sana na anazungumza kama karani wa mahakama. Aniceti, nasikitika kusema, surua imemwacha mwembamba mno. Nilipompokea mlangoni mwa basi nilidhani nimekabidhiwa koti lake tu.

Maagizo yako nimeyasoma kwa makini. Kwamba Aniceti apate kila siku kitoweo chenye nguvu kama daktari alivyosema, yaani nyama, mayai au samaki. Kwamba waende misa. Na kwamba wasikaribie ziwa kwa hali yoyote ile, kwa sababu ya viboko. Misa wamehudhuria. Kuhusu kitoweo palikuwa na ugumu: bucha halijachinja tangu mwezi uliopita, mayai yameondoka na kuku, na maharage ya mwaka huu yalikaukia shambani. Hata hivyo ufumbuzi umepatikana, na chakula hicho huandaliwa nje ya nyumba kwa sababu za kiutaratibu. Sitakuchosha kwa maelezo.

Kazi yangu ya kuwaandikia watu barua za maombi inaendelea pale kando ya mahakama. Karatasi ni adimu, ndiyo maana unasoma haya nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Jambo hilo lisipunguze uzito wake.

Otilia anaomba nafasi hapa chini, nami nimemruhusu mistari miwili.

Ndimi baba yako mzazi, nikuombeaye heri,
Romanus Tluway

Mama shikamoo. Huku hakuna sabuni lakini miguu yetu ni misafi sana. Ya Babu pia. Otilia.


Tanga
5 Januari 1984

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo, na pole ya mgongo.

Barua yako imenifikia jana. Nadhani ilitembea kwa miguu. Sisi hatujambo. Baba Otilia anaendelea na kazi ya reli. Jumamosi alipanga foleni tangu alfajiri akidhani ni ya sukari. Alipofika mbele akakuta wanauza betri za redio. Akanunua. Nilipomuuliza, akasema, "Mama Otilia, mtu hawezi kusimama siku nzima akarudi mikono mitupu." Redio yenyewe hatuna.

Nashukuru kwa kuwapokea watoto. Nilipokuwa naogopa zaidi, homa ya Aniceti ilipopanda, nilichowaza ni kumleta kwenu tu.

Lakini Baba, nina maswali. Kitoweo hicho ni kipi? Nyama hakuna, mayai hakuna, kinachobaki ni kimoja, na wewe na Mama ni watu wa milimani ambao kwao samaki na nyoka ni ndugu wa baba mmoja. Nani anampikia? Na kwa nini nje? Halafu nielezwe miguu misafi pasipo sabuni imesafishwa na nini. "Ya Babu pia" ina maana gani? Nakujua, Baba. Ukiandika "sitakuchosha kwa maelezo" basi maelezo yapo.

Mwalimu Lukresia wa hapo Maisaka anasafiri kuja Tanga katikati ya mwezi huu. Amekubali kuja na watoto kabla shule hazijafunguliwa. Hadi wakati huo, narudia: wasikaribie ziwa.

Mwanao,
Mektilda


Nakwa, Babati
12 Januari 1984

Kwa binti yangu Mektilda,

YAH: MAOMBI YA KURUHUSIWA JAMBO AMBALO LIMEKWISHA KUANZA

Marahaba. Barua hii naituma kwa mkono wa Mwalimu Lukresia ili isikawie njiani. Mama yako mgongo umepata nafuu. Mvua imesita, na joto la mchana ni kali.

Naomba kwa heshima kuwasilisha mbele yako maelezo kamili, kama ifuatavyo.

Kwamba mwezi wa Kumi na Moja nilimwandikia Salimu, mvuvi aliyetoka Kondoa, barua yake ya kuomba ushirika nyuzi za kushonea nyavu, na barua ile ikakubaliwa. Kwamba aliposikia nina mgonjwa nyumbani, aliniletea perege wawili kwa shukrani. Kwamba niliwabeba hadi mlangoni, na mama yako akasimama kati yangu na jiko.

"Romanus," alisema, "hicho ulichobeba kina macho. Kinanitazama."

"Ni dawa ya mtoto, Mama Mektilda."

"Dawa huja kwenye chupa. Sufuria zangu nilinunua kabla ya vita, na nyingine hazipo duka lolote. Ikishanuka hiyo, nitapikia nini? Kofia yako?"

Nilijaribu kuweka hoja zaidi, hazikupokelewa. Unaifahamu desturi ya kwetu. Hakuna sufuria, kijiko wala sahani ya nyumba yetu iliyowahi kugusa samaki tangu babu zako. Basi nilirudi na samaki wale kwa Salimu, pale mchangani anapovuta mitumbwi yake, akawapika kwenye chungu chake. Aniceti akala akalamba na vidole. Siku iliyofuata akauliza mapema kama tunarudi kwa Babu Salimu.

Utaona mwenyewe, binti yangu, kwamba agizo lako la kwanza lisingeweza kutekelezwa pasipo kuvunja la mwisho. Nimeona mikataba mingi ya namna hii pale mahakamani, na wakati wote yule aliyetia saini huteseka. Nilichagua kuvunja lile ambalo likivunjwa mtoto ananenepa.

Kuhusu miguu: mama yako hutupokea jioni mlangoni na kutunusa mikono mmoja mmoja, kama askari wa kizuizi. Imetulazimu kunawa ziwani kabla ya kuondoka. Kunawa mikono kulileta kunawa miguu. Baadaye mambo yakaongezeka.

Kuhusu viboko: nilimhoji Salimu kwa kirefu. Alinijibu, "Mzee Romanus, hawa viboko wana ratiba kuliko basi lenu. Mchana wamelala kwenye matete kule ng'ambo, hapa ni peupe, ungewaona kabla hawajakuona. Jua likianza kulegea, ondoka. Usiage mtu, ondoka tu." Nasi twaondoka. Maji hayawapiti watoto magoti, nami nipo kati yao na kina.

Sasa niruhusu niseme kidogo yasiyohusu hoja. Otilia amejenga duka la ushirika kwa mchanga uliolowa. Lina rafu, na rafu zina vitu: mawe meupe ni sukari, maganda ya konokono ni sabuni, majani mapana ni khanga. Mimi ndiye mteja. Siku ya kwanza nilisimama mbali nikisubiri zamu, kwa mazoea. Akaniita, "Karibu mzee, karibu, leo hatuna foleni. Sukari unataka ngapi?" Nikasema nipewe kiasi nilichopangiwa. "Hapa hatupangii mtu," akasema, "chukua yote, nitachota nyingine." Aniceti ndiye mlinzi wa duka, naye hulilinda akiwa ameketi majini hadi kiunoni, akicheka peke yake bila sababu niliyoweza kuibaini. Mchana wote unapita hivyo. Watu wenye shida zao wamejifunza kunifuata mchangani, na juzi niliandika rufaa ya shamba la Sigino nikiwa nimeketi juu ya mtumbwi.

Samaki mimi nimemwonja, kwa madhumuni ya uchunguzi tu. Uchunguzi bado unaendelea. Mama yako hajaarifiwa.

Kwa sababu hizo zote naomba, kwanza, yaliyokwisha kufanyika yahesabiwe kuwa yameruhusiwa. Na pili, watoto warudishwe kwangu likizo ya mwezi wa Sita, kwa chakula kilekile na mahali palepale.

Ninasubiri uamuzi wako kwa utii.

Ndimi muombaji, ambaye pia ni baba yako,
Romanus Tluway


Tanga
2 Februari 1984

Baba na Mama, shikamooni.

Watoto wamefika. Mwalimu Lukresia alikuwa mwema sana, na mahindi mliyotuma yamefika na gunia lake. Baba Otilia alipomnyanyua Aniceti kituoni, alimweka tena chini akauliza, "Huyu mmempakia mawe?" Daktari amemwona, amefurahi. Sina maneno ya kuwashukuru.

Usiku wanalala wakisimulia. Salimu hivi, duka vile, Babu aliteleza akakaa majini na koti lake. Hilo la koti halikuwamo katika maelezo kamili.

Ombi lako nimelisoma. Nitalijibu.

Mektilda


Nakwa, Babati
30 Machi 1984

Kwa binti yangu Mektilda,

YAH: KUKUMBUSHIA MAOMBI YANGU YA TAREHE 12 JANUARI

Marahaba. Tumaini langu ni kwamba ukimya wako umesababishwa na uchache wa magari wala si afya. Sisi hatujambo. Mvua za masika zimeanza vizuri, maharage yameshika, na mama yako amepata vifaranga kutoka kwa jirani, ambao anawafungia ndani kama watuhumiwa.

Nalazimika kukumbushia, kwa kuwa Juni haiko mbali na safari ya watoto inataka maandalizi. Ikiwa ni viboko wanaokutia wasiwasi, Salimu yuko tayari kuweka alama yake ya dole gumba kwenye hati ya dhamana, ambayo nimekwisha kuiandaa. Ikiwa ni ubaridi wa mwezi wa Sita, watoto wataingia mchana tu na nitawasha moto. Ikiwa ni chakula, perege wapo. Nimelipitia shauri hili pande zote na sijaona pingamizi lililobaki.

Mimi mwenyewe nimefika mchangani mara chache tangu walipoondoka, kwa shughuli za Salimu. Duka mvua imelibomoa. Mama yako anasema, "Mzee huyu siku hizi anarudi na mchanga kwenye viatu na wajukuu hawapo." Nimemweleza kwamba mchanga ulikuwapo tangu Januari.

Naomba jibu, hata liwe la mstari mmoja.

Ndimi asubiriye,
Romanus Tluway


Tanga
13 Mei 1984

Baba, shikamoo.

Mama msalimie. Aniceti anasoma vizuri. Otilia amekuwa wa tatu darasani. Baba Otilia amepata likizo yake, anaitumia kutafuta bati moja.

Umeniandikia mara mbili nami nimekaa kimya. Nilianza barua nyingi nikazichana, na karatasi unajua zilivyo. Leo nitaiacha hii ifike hata kama haina adabu yote inayotakiwa.

Si viboko, Baba. Wala si baridi wala chakula.

Nilizaliwa katika nyumba hiyo. Meza yako ya kuandikia ilikuwa dirishani, na dirisha linatazama ziwa. Mchana wa likizo ulinikalisha hapo kunifundisha kuandika: ninayo heshima, naomba kuwasilisha, kwa unyenyekevu mkubwa. Nashukuru, ndiyo yaliyonipatia kazi ya ofisini. Lakini watoto wa wageni walikuwa wanapita chini ya dirisha wakienda majini, nasikia vicheko vyao, na nilipoinua kichwa ulisema, "Mektilda, mstari." Niliambiwa maji si mahali pa watu wetu. Niliamini. Nimeishi Tanga miaka yote hii, watoto wangu wamezaliwa hapa, na bahari wanaijua kwa macho tu, kwa sababu mama yao hana uwezo wa kuweka mguu majini bila moyo kwenda mbio.

Halafu Otilia anarudi ananiambia, "Mama, Babu akikunja suruali ana magoti meupe kama ya mtu mwingine."

Mimi mtoto wako wa kwanza sijawahi kuona magoti yako.

Nilifurahi kwa ajili yao, naapa nilifurahi. Halafu nikaenda jikoni nikalia kama mtoto mdogo aliyenyimwa kitu. Ndiyo sababu sikujibu. Sijui nikujibu nini hata sasa. Nikisema hapana, nawaonea watoto kwa jambo langu. Nikisema ndiyo, nitakaa hapa mwezi mzima nikiwaza vicheko vyenu.

Usiniandikie barua yenye hoja, tafadhali. Za hoja nazijua, ulinifundisha mwenyewe.

Mektilda


Nakwa, Babati
29 Mei 1984

Mektilda mwanangu,

Marahaba. Tu wazima.

Barua yako nimeisoma mchangani, nikamwomba Salimu anyamaze kidogo, naye akanyamaza bila kuuliza. Umesema nisilete hoja. Sizileti. Hata kichwa cha habari nimekiacha, kama uonavyo.

Ninachoweza kufanya ni kurekebisha maombi yangu ya awali. Pale palipoandikwa "watoto" pafutwe, na mahali pake pasomeke "watoto pamoja na mama yao". Likizo yako ya mwaka unayo; uliniandikia Krismasi ya mwaka juzi kwamba hujaichukua. Njoo nao.

Uje na nguo ya kubadilisha. Si lazima uingie majini siku ya kwanza wala ya pili. Mimi mwenyewe nilikaa ukingoni siku kadhaa na viatu vyangu, hadi Aniceti alipovificha.

Mama yako amesoma barua yako pia. Nilimpa mwenyewe. Alipoimaliza akaikunja, akasema, "Mwambie aje. Sufuria moja ile kuukuu ninaitoa. Ikae hukohuko kwa Salimu, isirudi."

Baba yako,
Romanus


Tanga
23 Julai 1984

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo.

Tumefika salama. Basi lilizima Korogwe, tukalala kwenye viti, lakini watoto waliimba, na kondakta akatugawia miwa. Baba Otilia alitukuta kituoni. Alinitazama akaniuliza kama nimepaka mafuta ya aina mpya. Nikamwambia ni jua. Bati moja amelipata.

Nawaandikia yale ambayo nikiwa huko sikuweza kuyasema, kwa sababu kila nilipotaka kusema, Baba, ulianza kunieleza habari za matete.

Siku ile ya kwanza nilipokataa kuvua viatu, Baba, niliona unavyotafuta neno. Nilisubiri hotuba. Ukaketi kando yangu kwenye mtumbwi ukasema, "Sina haraka. Kazi yangu ni kusubiri majibu." Tukakaa mpaka jua likalegea, tukaondoka bila kumuaga Salimu. Hukunivuta mkono. Ungenivuta, nisingerudi kesho yake.

Na siku nilipoingia, nilishika gauni langu kwa mikono miwili. Nilikuwa nakusikia nyuma yangu ukihesabu hatua zangu kwa sauti ya chini kama unayesali. Nilidhani utaniambia nisimame wima. Ukasema, "Mektilda, cheka tu, hakuna mstari." Nilicheka kwa sababu Mama alikuwa amekuja kutuita chakula, amesimama kwenye majani asikanyage mchanga, anapiga kelele, "Wewe mtoto, toka humo! Utaota magamba!" Na Salimu akamjibu, "Mama Mektilda, akiota magamba nitamnunua kwa bei nzuri." Mama akacheka hadi akaketi chini, na alipogundua ameketi mchangani ilikuwa imechelewa. Huo mchana naurudia kichwani kila siku nikiwa kwenye mashine ya kuchapa. Nimeharibu barua ya bosi kwa ajili yake.

Kwa nini ilikuwa marufuku wakati wangu, hukuniambia, nami sitakuuliza tena. Nilikuja na swali hilo, nikalisahau mahali fulani pale mchangani.

Sasa habari yenyewe ya barua hii. Jana baada ya misa niliwaambia watoto wasivue nguo zao za Jumapili, tunatoka. Wakauliza wapi. Nikawapeleka baharini. Tulitembea tu, ni karibu sana, aibu hata kusema jinsi palivyo karibu. Otilia alinitazama usoni njia nzima kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Aniceti alikimbia mbele, akachota maji kwa viganja kama afanyavyo huko, akanywa funda moja, akatema.

"Mama!" akapiga kelele. "Ziwa hili wametia chumvi!"

"Ndivyo lilivyo, Aniceti."

"Lote?"

"Lote."

Akageuka kuiangalia bahari, mpaka kule mbali meli zinapotokea, halafu akaniuliza kwa hasira kabisa, "Sasa kama chumvi yote wameimwaga humu, dukani watatuuzia nini?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa anaosha vyombo karibu nasi alicheka mpaka sufuria ikamtoka mkononi ikaanza kwenda na wimbi. Hakujua kama aifuate au acheke. Mimi nilikuwa karibu zaidi. Baba, niliingia. Kwa gauni la kanisani, bila kuvua viatu, maji yakanifika kiunoni, nikaikamata sufuria ya watu nikarudi nayo, na nilipokuwa nimeshika njia ya nchi kavu ndipo nilipokumbuka kwamba mimi ni mtu anayeogopa maji.

Otilia alikuwa amesimama ukingoni, mikono mdomoni. "Mama," akasema, "umeingia peke yako."

Nikampa yule mwanamke sufuria yake, nikarudi majini.

Mwanao ambaye viatu vyake viko juani vinakauka,
Mektilda